Tego la Shemasi

Ukinikuta Jumapili nimesimama mbele ya kwaya, mkono juu, besi zimetulia na soprano zinanitii, utasema huyu mwanamume ana raha zake. Mchungaji mwenyewe husema hivyo. Mwezi uliopita alinisimamisha mbele ya kanisa zima akatangaza, "Mtazameni Shemasi Maweu. Amefunga na kuomba mpaka amekonda. Kitanda amekiacha, analala kwenye kochi, ili mwili usimshinde." Watu wakapiga makofi. Mke wangu Kavenya, safu ya tatu, naye akapiga makofi, polepole, huku akinitazama.

Kulala kwenye kochi ni kweli. Hayo ya kufunga na kuomba niliyatunga mwenyewe nilipoulizwa sababu, na mchungaji akayavalisha joho. Ukweli ni kwamba nilimtega mke wangu, aliyenisaidia kumtega akafa, na sasa nikimgusa mke wangu huenda nikafa mimi.

Kisa chenyewe kilianza na asumini.

Sisi ni Wakamba wa skimu. Baba yangu alipata shamba huku juu ya Msambweni wakati wa kugawiwa ardhi, akapanda michungwa na mikorosho, nami nikazaliwa nikakuta tayari tunaitwa wabara. Nimeishi pwani maisha yangu yote na bado mambo mengi ya pwani siyajui, kwa sababu nyumbani tulifundishwa kuyaogopa tu. Kavenya hakuwa hivyo. Yeye anafanya kazi Diani, katika chumba cha kufulia cha hoteli moja, anafua na kupiga pasi mashuka ya wageni. Huko alipata shoga, Mwanarusi, Mdigo wa Kinondo, mwanamke mwenye maneno mengi na kicheko kinachofika mlangoni kabla yake.

Mwaka huu masika yalipokwisha, mke wangu alianza kubadilika. Akawa anaimba jikoni, na si nyimbo za kwaya. Akanunua chetezo, akawa anafukiza nguo zake udi. Nikamwuliza, "Udi wa nini, Mama Ndila?" Akacheka, akasema, "Wa kunukia, Baba Ndila." Hilo nalo ni jibu? Halafu siku moja nilitoka shambani adhuhuri nijinyooshe kidogo, nikaweka kichwa juu ya mto wangu, nikasikia harufu. Nikatia mkono ndani ya foronya. Kulikuwa na maua ya asumini, mabichi, yametungwa kwenye uzi. Kwenye mto wangu mimi, nisiyejipaka hata mafuta ya nazi!

Nikakaa pale kitandani nikafikiri kama hakimu. Mto ni wangu, asumini si zangu. Mwanetu Ndila yuko shule ya bweni. Mimi niko shambani tangu alfajiri. Kavenya ana zamu, leo asubuhi, kesho jioni, na saa zake nyingine anazijua mwenyewe. Basi kuna kichwa kingine kilicholala hapa, kichwa cha mtu wa pwani, kinachonukia. Niliwapitia moyoni wanaume wote ninaowajua wanaonukia, na wote walikuwa wazuri kuliko mimi.

Asikudanganye mtu kwamba wivu ni dalili ya mapenzi. Wivu ni maradhi. Nilikuwa nikimwona Kavenya anachagua mawe kwenye mchele, nami nauliza moyoni, unamchagulia nani? Simu yake ikilia mimi ndiye ninayeruka. Kumvizia sikuweza, kwa maana shemasi akifumania nyumbani kwake, hata kabla ya magharibi skimu nzima itakuwa imeshamzika akiwa hai. Nilitaka mwizi wangu ashikwe bila mimi kuonekana. Kwa hiyo nikakumbuka tego.

Wenyeji wa huku wanalijua, na wabara wanalisimulia kwa kunong'ona. Mume humtega mke kwa dawa, na mwanamume atakayemgusa hunaswa. Wengine huvimba, wengine hukwama palepale mpaka waitiwe watu, na wengine hufa. Utotoni tulikuwa tukicheka habari hizi mchana na kuziogopa usiku.

Nilimwendea Mzee Kitsao siku ya Jumatano. Aliishi huko chini, njia ya Ramisi, ukishapita miwa. Nilitegemea kuona mganga wa kutisha, nikakuta mzee mwembamba, mjane, fulana nyeupe pe, nywele za mvi zimechanwa, sauti ya taratibu. Mzee wa aina hiyo wanawake humwamkia kwa kirefu. Hilo nililiona tangu siku ile, na lilinikaa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, shemasi," akasema, na mimi sikuwa nimemwambia mimi ni nani.

Nikamweleza. Akauliza, "Asumini hizo ulizikuta kwenye mto wa nani?"

"Wangu."

"Wako," akarudia, akauma mdomo wa chini. Mimi nikadhani anasoma mizimu. "Na mkeo umemwuliza?"

"Mzee, nimekuja kutega. Sikuja kuuliza."

Akaingia ndani akatoka na uzi mweusi ulionuka moshi. Niutandaze chini ya mkeka wa mlango wa chumbani, mke wangu auvuke, kisha niukunje, niufunge mafundo na kuuficha. Nilikuwa nimeshasimama niende zangu aliponishika mkono.

"Ijumaa urudi nikukinge na wewe. Usisahau, mwanangu. Tego halijui cheti cha ndoa. Tego linajua mwanamume tu."

Kavenya aliuvuka uzi jioni ile ile, mikononi ana ndoo ya maji ya kupigia deki, akiimba. Nikaufunga mafundo, nikauficha ndani ya kopo la korosho. Ijumaa ikafika. Na Ijumaa hiyo kanisa letu lilikuwa na kesha, wageni wamealikwa, na kwaya ile bila mimi hulia kama mbuzi wa sadaka. Nikajiambia nitakwenda Jumatatu. Kukaa mbali na mke wangu kwa siku chache nilijua naweza. Mganga naye hana haraka, yupo tu.

Hakuwepo. Jumamosi nilishinda kanisani na mazoezi, na niliporudi alasiri nikakuta watu wamekusanyika chini ya mikorosho yangu. Mzee Kitsao alikuwa amelala kwenye kijia kinachotoka mlangoni kwangu kwenda barabarani. Kofia pembeni, fulana nyeupe haina hata vumbi la haja, na usoni amebaki na kitu kama tabasamu.

Watu wa hospitali walisema ni moyo. Moyo! Nani asiyejua kwamba moyo ndio unaoleta yote haya? Majirani nao waliuliza swali moja tu, na waliniuliza mimi kwa macho. Mganga alifuata nini kwa shemasi? Nikatikisa kichwa, nikasema pengine alipotea njia. Mzee aliyezaliwa huku, apotee njia kwenye mikorosho!

Lakini swali langu lilikuwa jingine, na hilo sikuweza kumwambia mtu. Nimetega Jumatano. Jumamosi anakufa mwanamume, hatua chache kutoka kitandani kwangu, mimi sipo, mke wangu yupo peke yake. Ningekuwa nimetega panya, nikakuta panya kando ya mtego, ningesema alipotea njia?

Nikajipinga mwenyewe. Mzee ni fundi wa tego, na hili alilitengeneza kwa mkono wake, angejitia vipi? Nikajijibu: ndiyo maana hakuogopa, alidhani mtengenezaji hanaswi. Nikajipinga tena. Yule alikuwa mzee wa miaka mingi. Nikazikumbuka zile nywele zilizochanwa.

Jumatatu nilikwenda matangani, nimejitia kuomboleza kama watu. Mwanawe, Kenga, mwendesha pikipiki, alikuwa anapanga viti. Nikampa pole, nikamvuta kando.

"Kenga, marehemu mkoba wake wa kazi amemwachia nani?"

"Tumemzika nao, mzee. Mwenyewe ndivyo alivyousia. Mimi riziki yangu iko kwenye pikipiki."

"Na kama kuna mtu alikuwa na kazi ambayo haijamalizika?"

Aliniangalia kwa huruma. "Basi haitamalizika. Tego hulitegua aliyelitengeneza, mzee, na mwingine akiligusa huliharibu zaidi. Lakini mimi sijasema tego, wala wewe hujasema."

Nilikuwa naondoka nilipopita karibu na wanawake waliokuwa wakiosha vyombo. Juu ya jamvi kulikuwa na hotpoti ya maua ya buluu. Nikaiinamia, nikaigeuza. Chini yake palikuwa na tone la rangi nyekundu ya kucha. Kavenya hutia tone hilo kwenye kila chombo chake, ili kisipotelee kwenye harusi na matanga ya watu. Kulikuwa bado na punje za muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa, zimeganda pembeni. Mzee wa Kigiriama, muthokoi wa Kikamba, kutoka jikoni kwangu. Mama mmoja akaniambia kwa upole, "Hiyo ilikutwa naye pale alipoangukia." Niliiweka chini, nikaondoka bila kuaga.

Ndipo nilipohamia kwenye kochi.

Naomba uione hali yangu vizuri. Kama tego ni la kweli, basi lilimwua Mzee Kitsao, na kama lilimwua, mke wangu alinisaliti naye. Na mimi nikimgusa mke huyo nitamfuata mzee. Kama tego ni la uongo, mke wangu hana kosa lolote ninaloweza kulithibitisha, na naweza kumrudia leo hii. Lakini njia ya kujua kama ni la kweli ni moja tu, nayo ni mimi kuingia chumbani. Nikitoka mzima, nina mke. Nisipotoka, nilikuwa sahihi. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na mimi nilikichimba nikasahau hata ngazi.

Mwanzoni nilisingizia mgongo. Kavenya akachemsha maji, akataka kunikanda, nikaruka kama niliyeguswa na moto. Nikasingizia mfungo. Akanipikia uji wa kufungulia, akaniwekea mezani, akaketi kunitazama ninavyonywa. Mto wangu aliuacha kitandani pale pale ulipokuwa, mimi nikawa nalalia sweta niliyoikunja. Na kila jioni harufu ya asumini ilipenya pazia la chumbani ikanikuta. Bado anaziweka, nikawaza. Mzee amekufa, kwa hiyo sasa anamwekea nani?

Mpaka hapa utanicheka, na ni haki yako. Lakini nampenda mke wangu. Sikuwahi kulisema neno hili kwa sauti, kwetu halikuwa la kusemwa. Akirudi kutoka kazini hufunga leso moja kifuani, hukaa kwenye kigoda akafumua nywele, na shingo yake inatoa jasho jembamba. Mimi niko mbele yake na daftari la nyimbo, ninamtaka mpaka meno yananiuma. Mke wangu wa halali, hatua tatu kutoka nilipo, na sina la kufanya.

Siku zikaenda hivyo mpaka Jumapili moja baada ya ibada, Mwanarusi alipokuja kututembelea na kikapu cha maembe mabichi. Kavenya alikuwa uani. Mwanarusi akajitupa kwenye kochi langu, juu ya blanketi langu, akacheka.

"Shemeji, watu wanakusifu huko mpaka Waa. Eti umekuwa walii! Na mimi nakulaumu, hata ahsante hujanipa."

"Ahsante ya nini?"

"Ya asumini, shemeji. Si mimi niliyemfundisha mwenzangu? Nilimwambia, nyinyi wa bara mnawapikia tu waume zenu kisha mnalala kama magunia. Kwetu mume huwekewa asumini kwenye mto wake, akiweka kichwa ajue amefika kwake. Udi nao vile vile, mke hajifukizi kwa ajili ya jirani. Alianza kwa haya, maskini. Kila siku namwuliza, mume amesema nini? Ananiambia, bado hajasema."

Sikumbuki nilimjibu nini. Nakumbuka tu kwamba alipoondoka nilibaki nikiyarudia maneno yake. Kwenye mto wake. Mume. Mwanamume yeyote wa Kinondo, hata mvulana anayepakwa hina, angezikuta zile asumini akajua ni zake. Ni mimi tu niliyezikuta nikaenda kwa mganga.

Kavenya aliingia akijifuta viganja vyenye unga kwenye leso. Nikamwambia, "Mama Ndila, hotpoti ya maua ya buluu iko wapi?"

Akasimama. Kisha akavuta kigoda, akaketi, akashusha pumzi ndefu.

"Hatimaye umeuliza," akasema. "Iko kwa marehemu Mzee Kitsao. Alikuja hapa Jumamosi ile kukutafuta wewe. Alikungoja Ijumaa hukutokea, akaona utakuwa umeingiwa na hofu, akapanda mlima huu kwenye jua kali na moyo wake mgonjwa, aje akuambie usiogope. Hakukukuta. Akaniambia mimi."

"Akakuambia nini?"

"Yote. Uzi, mkeka, mafundo. Akasema ule ni uzi wa kushonea viatu aliouning'iniza juu ya moshi wa makumbi ya nazi. Akasema, 'Mama, ningemkatalia angekwenda kwa mwingine mwenye sumu ya kweli. Nikaona nimpe uzi, Ijumaa akirudi nimpe maneno.' Tulicheka, Baba Ndila. Kwanza nililia, halafu tukacheka. Nikamfungia muthokoi ale njiani. Sikumwona tena ila akiwa amefunikwa."

"Ulijua," nikasema. "Muda wote huu ulijua."

"Nilijua. Ulipokuwa unaruka nikikushika, nilijua. Mchungaji alipokusifu, nikapiga makofi."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilitaka uniulize. Tangu asumini ya kwanza nilitaka uniulize. Uliniuliza udi wa nini, nikakuambia wa kunukia. Ulitaka niseme nini, mwanamke mzima, kwamba ninanukia kwa ajili yako na wewe huoni?" Akakung'uta unga uliobaki viganjani. "Halafu nikasema ngoja nione. Nione kama utaogopa milele, au siku moja utanitaka kuliko unavyoogopa. Kila jioni nimeweka maua mapya. Na tego lako, ukitaka kujua, limeua kweli. Limemwua mzee asiye na kosa, kwa sababu wewe Ijumaa ulikuwa na kesha."

Akainuka, akaenda mpaka chumbani, akalifunga pazia pembeni kwa fundo. Jua la alasiri lilikuwa limeingia dirishani, limelala juu ya kitanda. Mito miwili, na wangu una uzi wa maua meupe juu yake, hata hakuuficha. Akaketi upande wake.

"Njoo basi," akasema.

Nilisimama. Nilifika mpaka kizingitini, pale pale nilipotandaza uzi. Na hapo, Mungu anisamehe, akili yangu ile ya uhakimu ikaamka. Nani shahidi wa maneno haya? Mzee, naye amezikwa na mkoba wake. Mwanarusi, naye ni shoga yake. Hivi ndivyo angesema mke asiye na hatia. Ndivyo pia angesema mwenye hatia, akitaka mume aingie, aanguke, mambo yaishe. Nilijua ni upuuzi. Nilijua kabisa. Nilimtazama usoni nikaona mke wangu, mama wa mwanangu, anasubiri na macho yamejaa, na moyo wangu ukasema nenda. Mguu haukwenda. Niliuambia mguu wangu, nenda, na haukwenda.

Sijui tulikaa hivyo kwa muda gani. Jua lilitoka kwenye kitanda likapanda ukutani.

"Haya," akasema Kavenya. Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alipita pembeni yangu, akijikunja ili leso yake isinipanguse, akaenda uani kumenya maembe.

Ule uzi nimeutoa kwenye kopo la korosho, nimeufungua mafundo, nimeuchoma. Haukunuka dawa, umenuka nta ya fundi viatu. Hata hivyo sikuingia. Korosho zimeanza kuanguka, naziokota asubuhi, jioni nafundisha kwaya, na mchungaji anataka kunipandisha niwe mzee wa kanisa. Kavenya ananipikia na kunisalimu vizuri. Jikoni haimbi tena. Pazia lile bado limefungwa pembeni, mlango uko wazi mchana na usiku, na kila siku najiambia leo.

Jana niliporudi shambani nilikuta mto wangu umewekwa kwenye kochi. Foronya imefuliwa, imepigwa pasi, imenyooka kama ya wageni wa hoteli. Niliuchukua nikaunusa, nikaugeuza, nikaunusa upande wa pili, nikatia na mkono ndani mpaka mwisho.

Unanukia sabuni tu.